Selimundu: kile kisanduku cha Punnett kisichokisema

Baba ni AS, mama ni AS. Chora mchoro wa kijenetiki kuonyesha watoto wanaoweza kuzaliwa, kisha utaje uwezekano wa mtoto wa nne kuwa na selimundu ikiwa watatu wa kwanza ni wazima.

Swali la sampuli hii, kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu, halikauki katika mitihani ya Kidato cha Nne. Kipande cha kwanza wengi hukipata. Cha pili ndicho huwaangusha, wala hakiwaangushi wanafunzi peke yao. Huku kwetu, kutoka Kisumu hadi Busia, wapo wazazi wanaoamini kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa basi zamu imepita, na watatu watakaofuata watakuwa salama. Kisanduku cha Punnett, yaani ule mchoro wa viboksi vinne unaokutanisha urithi wa baba na wa mama, hakijasema hivyo hata siku moja.

Tuanze na alama zinazomwagika bure. Andika aleli (toleo la jeni) ya kawaida kama HbA na ya selimundu kama HbS, hizo A na S zikiwa zimeinuliwa juu kidogo; mtu wa AS ana moja ya kila aina. Usitumie S na s. Herufi kubwa na ndogo humwambia msahihishaji kwamba aleli moja imeifunika nyingine, na hapa hakuna kufunikana: mtu wa AS hutengeneza himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) zote mbili, tena ndani ya chembe nyekundu ile ile moja. Anza na fenotipu za wazazi (hali inayoonekana), chini yake jenotipu (aleli mbili alizo nazo mtu), weka alama ya × katikati, kisha gameti (mbegu au yai), kila moja ndani ya duara lake. Gameti hubeba aleli moja tu. Anayeandika HbAHbS ndani ya duara la gameti ameharibu kila kitu kinachofuata, hata kama mistari yake ya muungano imenyooka kwa rula. Malizia na jenotipu za watoto na fenotipu ya kila mmoja: AA ni mzima, AS ni mzima anayebeba aleli, SS ana ugonjwa. Uwiano ni 1:2:1. Swali likiuliza fenotipu, usijibu kwa jenotipu. Hapo ndipo alama moja hupotea kila mwaka kwa watu wanaojua kila kitu.

Sasa kipande cha pili. Viboksi vinne vya Punnett si watoto wanne. Ni njia nne ambazo mbegu moja na yai moja vinaweza kukutana katika mimba moja. Mimba ya nne huanza upya kama ya kwanza, kwa hiyo jibu ni robo, yaani 1/4, hata watatu wa kwanza wangekuwa nani. Ukitaka kujua uwezekano wa wazazi hao kupata watoto watatu wote wasiwe SS, zidisha 3/4 mara tatu: 27/64, kama asilimia 42. Hiyo inamaanisha kwamba uwezekano wa kupata angalau mgonjwa mmoja katika watoto watatu ni 37/64, karibu asilimia 58. Wawili wa kwanza kuwa SS wote ni 1/16, jambo la kawaida kabisa ukihesabu familia nyingi.

Kuna swali jingine ambalo vitabu vingi hulipitia mbio ilhali ndilo watu huliuliza kwa dhati. Dada wa mgonjwa, mwenyewe mzima, anataka kuolewa. Ana uwezekano gani wa kuwa AS? Wengi husema nusu. Lakini tayari tunajua yeye si SS, kwa hiyo kiboksi kimoja kati ya vinne kimefutwa. Vimebaki vitatu, viwili kati yake ni AS. Jibu ni 2/3. Tuseme mchumba wake anatoka mahali ambapo mtu mmoja kati ya watano ni AS. Hatari ya mtoto wao kuwa SS kabla ya mtu yeyote kupimwa ni 2/3 × 1/5 × 1/4, yaani 1/30. Wakipimwa wote wawili, namba hiyo inakuwa ama sifuri ama 1/4. Kati ya sifuri na robo kuna pengo kubwa mno kuliacha kwenye makisio.

Na tafadhali, kundi la damu si hili. Mtu akiulizwa jenotipu yake akajibu "mimi ni O", amejibu swali la jeni nyingine iliyo kwenye kromosomu ya 9. Selimundu iko kwenye kromosomu ya 11. Watu wawili wa kundi O wanaweza kuwa AA na SS.

Herufi moja ya DNA

Jeni yenyewe huitwa HBB. Hutoa maelekezo ya mnyororo wa beta wa himoglobini, wenye asidi amino 146. Katika nafasi ya sita, asidi glutamiki imetoka, valini imeingia. Chanzo ni besi (herufi ya DNA) moja: GAG imekuwa GTG. Huu ni mutesheni, yaani badiliko la DNA, wa ubadilishaji. Hakuna besi iliyoongezwa wala kufutwa, ndiyo maana asidi amino 145 zilizobaki husomwa kama kawaida.

Hapa noti za wanafunzi hugongana, na si kwa uzembe wao. Mmoja ameandika GAG kuwa GTG, mwingine CTC kuwa CAC, wa tatu GAG kuwa GUG. Wote watatu wako sawa: wa kwanza ameandika uzi wa DNA unaofanana na mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini), wa pili ameandika uzi unaonakiliwa, wa tatu ameandika mRNA yenyewe. Kosa ni kuchanganya, kwa mfano kuanza na CTC upande wa kushoto na kumaliza na GTG upande wa kulia. Yako pia maandishi ya zamani yenye CTT kuwa CAT. Hayo hutoa asidi amino zile zile, kwa kuwa GAA na GAG zote ni asidi glutamiki, na GUA na GUG zote ni valini. Ila mfuatano halisi wa jeni ya binadamu ni CTC. Ukikutana na ripoti ya maabara iliyoandikwa Glu7Val, usidhani ni ugonjwa mwingine. Wamehesabu pia methionini ya mwanzo, ambayo hukatwa kabla protini haijakamilika.

Kwa nini asidi amino moja ilete balaa lote hili? Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji. Valini haina chaji na huyakimbia maji. Himoglobini S ikiachilia oksijeni, umbo lake hubadilika, na ile valini hupata kishimo cha kujificha kwenye molekuli ya jirani. Jirani naye hushikana na wa kwake, mpaka nyuzi ndefu ngumu zinajengeka ndani ya chembe na kuivuta iwe na umbo la mundu. Oksijeni ikirudi, chembe inaweza kunyooka tena. Ikipindwa na kunyooshwa mara nyingi, utando wake hukakamaa, na hapo hainyooki tena. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120. Hii huishi siku 10 hadi 20.

Kariri hilo moja tu na dalili zote zinajieleza. Chembe zinaharibika upesi kuliko uboho wa mifupa unavyoweza kuzitengeneza, kwa hiyo damu inapungua. Mabaki yake yanakuwa bilirubini, kwa hiyo macho yanageuka manjano. Zilizokakamaa huziba mishipa midogo, kwa hiyo maumivu makali ya mifupa, na kwa mtoto mdogo vidole na nyayo kuvimba. Bandama huzibwa kidogo kidogo mpaka inakufa, kwa hiyo bakteria za nimonia hupata njia nyeupe.

Mtoto hazaliwi akiumwa. Miezi ya kwanza anatumia himoglobini F, ambayo ina mnyororo wa gama badala ya beta, na mnyororo wa gama hauna kasoro hii. F hushuka, beta hupanda, na dalili huanza kujitokeza karibu na mwezi wa sita. Weka hili akilini, maana ndilo linaloharibu vipimo, na mwishoni ndilo linaloleta tiba.

Kipimo kipi kinajibu swali lipi

Cha zamani na cha bei ya chini ni kipimo cha kupinda chembe. Gramu 0.2 za sodiamu metabisalfaiti huyeyushwa katika mililita 10 za maji yaliyotoneshwa, siku hiyo hiyo ya kupima. Tone dogo la damu huwekwa kwenye slaidi, tone la ukubwa huo huo la dawa huongezwa, vinachanganywa, kioo chembamba kinawekwa juu bila kuacha viputo, na kingo zinazibwa kwa vaselini au rangi ya kucha. Metabisalfaiti hunyonya oksijeni iliyo ndani. Chembe zenye S hupinda. Slaidi hutazamwa kwa hadubini, lenzi ya 40, baada ya nusu saa, na kama hakuna kitu, tena baada ya saa moja, mbili, hata kesho yake.

Makosa yake yanajulikana. Dawa ya jana imeshachoka kwa kuguswa na hewa, na slaidi itaonyesha chembe za mviringo hata kwa mgonjwa. Kingo zisipozibwa vizuri, hewa huingia na jibu linakuwa lile lile la uongo. Slaidi ikikauka, chembe huota miiba pande zote, na jicho lisilozoea huziita mundu. Mundu halisi una ncha mbili. Ndiyo maana fundi makini huweka slaidi ya damu inayojulikana kuwa AS na nyingine ya AA kando ya ile anayoipima. Bila hizo mbili, jibu la "hasi" halina uzito.

Cha pili ni cha kuyeyuka. Damu hutiwa katika bafa yenye sodiamu dithionaiti na saponini. Himoglobini A huyeyuka, na mistari iliyochorwa nyuma ya tyubu inasomeka. S hubaki kama ukungu na mistari inapotea. Dakika chache tu. Lakini damu ikiwa pungufu sana, chini ya gramu 7 hivi kwa desilita, ukungu huwa hafifu na jibu hasi la uongo hutoka; njia ya kawaida ni kuongeza kiasi cha damu maradufu. Mafuta mengi kwenye damu nayo huleta ukungu wa bure.

Vipimo hivi viwili vina udhaifu mmoja ambao haurekebishiki kwa ustadi wowote: vinakuambia S ipo, havikuambii kama ni AS au SS. Na kwa mtoto wa chini ya miezi sita vinaweza kusema S haipo kabisa, kwa kuwa F bado ni nyingi. Kumpa mzazi jibu la "hana selimundu" kwa kipimo cha kuyeyuka cha mtoto wa miezi miwili ni kosa kubwa. Kwa maoni yangu kipimo hicho kisingefanyiwa mtoto wa umri huo hata kidogo.

Jibu kamili hutolewa na elektroforesisi ya himoglobini, inayotenganisha aina zake kwa umeme, au mashine ya HPLC, inayozitenganisha na kupima kiasi cha kila moja. Katika elektroforesisi ya alkali, pH ya 8.4 hadi 8.6, himoglobini zote zina chaji hasi na hukimbilia ncha chanya. A hufika mbali zaidi, nyuma yake F, kisha S, na nyuma kabisa A2, aina nyingine ya kawaida iliyo kidogo. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini S huchelewa, arudi kwenye ile asidi glutamiki: kila mnyororo wa beta umepoteza chaji hasi moja, na himoglobini ina minyororo miwili ya beta, kwa hiyo zimepungua mbili. Swali hilo huunganisha mutesheni, protini na maabara kwa sentensi moja, na ni ajabu kwamba haliulizwi mara nyingi zaidi.

Mtu wa AS huwa na A nyingi kuliko S: takriban asilimia 55 hadi 65 kwa 35 hadi 45. Mtu wa SS hana A; S huwa asilimia 80 kwenda juu, na sehemu kubwa ya inayobaki ni F. Ukiona S nyingi na A kidogo kwa mtu mmoja, uliza kwanza kama aliongezwa damu. Chembe za mfadhili huishi hadi siku 120, na kwa muda huo mgonjwa wa SS anaweza kuonekana kama AS. Kwa hiyo, kama inawezekana, sampuli ichukuliwe kabla ya kuongezwa damu, au isubiriwe miezi mitatu na zaidi. Kama hakuongezwa damu, jambo la kufikiria ni beta thalasemia, kasoro nyingine inayopunguza au kuzima utengenezaji wa mnyororo wa beta, iliyokutana na S.

Siku hizi vipo pia vifaa vidogo vinavyofanana na vile vya kupima malaria. Ni vizuri, hata kwa watoto wachanga, ila soma maelekezo kabla ya kusoma mstari. Baadhi yake hufanya kazi kinyume na tulivyozoea: mstari usipotokea ndipo himoglobini hiyo ipo. Mtu aliyezoea mistari ya malaria atatoa majibu yaliyopinduka kuanzia asubuhi hadi jioni bila kujua.

Yote haya yana uzito wa kijamii. Baba ana kadi inayosema AA, mama AS, mtoto SS. Kisanduku kinasema haiwezekani, na watu wa nyumba hiyo tayari wameanza kumtazama mama kwa jicho baya. Kabla ya jambo lolote, rudia vipimo vya wote watatu kwa elektroforesisi au HPLC. Ile AA ya baba huenda ilitokana na slaidi ya dawa iliyochoka, au tyubu iliyosomwa vibaya. Huenda anabeba beta thalasemia, ambayo kwenye kipimo cha S haionekani kabisa, nayo ikikutana na S ya mama inaweza kutoa mtoto asiye na A hata chembe. Mwalimu anayefundisha kisanduku hiki darasani na aseme hivyo waziwazi, kwa sababu kuna mwanafunzi atakayekwenda nyumbani kukichora kwa majina ya wazazi wake.

Kutoka Gilgil hadi ziwani

Sasa mambo ya mageuko, mada inayofuata jenetiki katika silabasi ya Kidato cha Nne. Kama SS walikuwa wakifa utotoni, mbona aleli hii haikuisha?

Aliyelijibu ni mtafiti Anthony Allison, aliyekulia shambani Gilgil, Kaunti ya Nakuru ya leo. Mwaka 1949, akiwa na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikusanya damu za makabila mbalimbali ya Kenya na kuzipima kwa metabisalfaiti ile ile. Jamii za Pwani na za karibu na Ziwa Victoria zilikuwa na wabebaji zaidi ya asilimia 20. Za nyanda za juu na za maeneo makavu, chini ya asilimia 1. Ramani hiyo ilikuwa ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha jaribio la wanaume 30 wa Kiluo waliokuwa wamekaa nje ya maeneo ya malaria kwa muda, 15 wakiwa AS na 15 wasio na S, walioambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wasio na S, 14 walipata vimelea. Kati ya AS, wawili. (Kamati ya maadili ya leo ingekuwa na maswali mengi kwa jaribio kama hilo.)

Hapo wanafunzi huruka na kuandika kwamba AS hawapati malaria. Wanapata. Kinga yao ni dhidi ya malaria kali. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2005 ulionyesha kinga ya kama asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, 75 dhidi ya ile ya kulazwa, na karibu 90 dhidi ya malaria kali. Kule Asembo, Siaya, watafiti walioripoti 2002 waliona watoto wa AS wakifa kwa uchache zaidi kati ya umri wa miezi 2 na 16, kipindi ambacho kinga ya mama imekwisha na ya mtoto haijajengeka. Na kosa baya kuliko yote: kudhani SS analindwa zaidi kwa kuwa ana S mbili. Mgonjwa wa SS akipata malaria yuko hatarini mno, kwa sababu chembe zake chache zinapungua upesi zaidi. Chandarua na dawa za kuzuia malaria ni sehemu ya matibabu yake.

Hesabu yake ni tamu. Chukua watoto 1000 mahali ambapo aleli S ni asilimia 10. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg (AA ni p², AS ni 2pq, SS ni q²), p, kiasi cha aleli A, ni 0.9, q, kiasi cha S, ni 0.1, kwa hiyo AA ni 810, AS ni 180, SS ni 10. Tuseme, kama zamani bila dawa, SS wote wanafariki, na malaria inachukua AA 90. Wanabaki watu wazima 900: AA 720 na AS 180. Hesabu aleli: watu 900 wana aleli 1800, za S ni 180. Asilimia 10 tena. Aleli haikuongezeka wala kupungua. Ondoa malaria na AA wote 810 wabaki: aleli ni 1980, S ni 180, asilimia 9.1. Kizazi kinachofuata 8.3. Itachukua vizazi 10 kufika asilimia 5. Zile 90 ni namba ya kusawazisha hesabu, si takwimu ya mtaa wowote.

Darasani, jambo hili linafanyika kwa mahindi. Punje 180 nyeupe ziwe A na 20 za manjano ziwe S, ukubwa sawa, kwenye mfuko usioonyesha. Punje za manjano zikiwa kubwa, vidole vitazichagua vyenyewe na zoezi limekufa. Mwanafunzi mmoja atoe punje mbili bila kutazama, mwingine aandike, punje zirudishwe, mfuko utikiswe. Mara mia. Bila kurudisha, punje za mwisho zinakuwa hazina hiari. Kila SS afutwe. Kwa kila AA, vutwe karatasi moja kati ya tisa zilizokunjwa, moja ikiwa na herufi M. Ikitoka M, huyo kafutwa, na karatasi irudishwe. AS havutiwi. Mwisho hesabu aleli za waliobaki, upange upya punje 200 kwa uwiano huo, na uanze kizazi cha pili. Darasa la pili lifanye bila karatasi za M.

Mtapata 8 au 12 kwa mia mahali mlipotarajia 10, na mtoto atasema zoezi limekataa. Halijakataa, mia ni wachache, na bahati inayumbisha. Unganisheni matokeo ya makundi manne au matano ndipo mstari unatulia. Kosa la kuangalia kwa makini ni hili: wanafunzi huhesabu watu badala ya aleli. Watu 18 wa AS kati ya 90 ni asilimia 20 ya wabebaji, ila aleli ni 18 kati ya 180, asilimia 10. Anayechanganya hizo mbili ataweka q kuwa 0.2 na atapata wagonjwa mara nne.

Mji wa Nakuru uko juu ya mita 1,800, Kisumu kama 1,130. Malaria hupungua ukipanda. Aleli haishuki kwenye matatu pale Mau Summit. Mume wa Siaya na mke wa Busia wanaoishi Nakuru wana kisanduku kile kile, na mtoto wao mwenye vidole vilivyovimba akitibiwa miezi kadhaa kama mwenye jipu au baridi yabisi, tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza wazazi wametoka wapi.

Kukata DNA

Kwa wanaofika mada ya bioteknolojia, selimundu ndiyo mfano bora kuliko mahindi na pamba vinavyorudiwa kila mara. Kimeng'enya MstII hukata DNA mahali penye CCTNAGG, N ikiwa besi yoyote. Kodoni (besi tatu za asidi amino moja) za 5, 6 na mwanzo wa 7 za jeni ya kawaida zinasomeka CCTGAGG, kwa hiyo hukatwa. Kwenye S ni CCTGTGG. Kimeng'enya kinapita bila kuona kitu. Aleli A hutoa kipande cha besi 1150 na kidogo cha 200, S hutoa kimoja cha 1350. Kwenye jeli, AA ana mstari wa 1150, SS wa 1350, AS yote miwili. Chembe chache za kijusi zinatosha kwa kipimo cha namna hii, bila kusubiri himoglobini F ishuke.

Tiba inayopatikana kwa urahisi zaidi si ya kukata chochote. Haidroksiyuria ni kidonge kinachopandisha himoglobini F, na F huzuia nyuzi za S kujengeka. Utafiti uliochapishwa 2019, uliohusisha watoto wa nchi nne za Afrika na Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, ulianza kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, malaria pia ikapungua. Hushusha chembe nyeupe, kwa hiyo bila kupima damu mara kwa mara haitolewi.

Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo, inatumia CRISPR, njia ya kuhariri DNA. Seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, kimeng'enya Cas9 hukata sehemu inayoendesha jeni BCL11A, ile inayozima F baada ya kuzaliwa, kisha uboho wa zamani huondolewa kwa dawa kali na seli zilizohaririwa hurudishwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, kwa hiyo tusidanganyane. Lakini kwa mtihani ni dhahabu, kwa sababu karibu kila mtu huandika kwamba CRISPR "imerekebisha jeni ya selimundu". Hapana. S iko pale pale. Kilichobadilishwa ni swichi ya F, tena katika seli za damu tu.

Basi jaribu hili: mwanamke wa SS ametibiwa kwa njia hiyo na haumwi tena. Mumewe ni AA. Watoto wao watakuwa na jenotipu gani? Wote HbAHbS, kwa kuwa mayai yake hayakuguswa, na kila yai linabeba S. Anayeandika AA amehariri ovari ambazo hakuna aliyezigusa, na hapati alama.